Silabi Iliyodondoka

Jumatatu, 3 Februari

Mdogo wangu Bi Vioo,

Barua yako imefika ikiwa na makosa saba: manne ya mkato, mawili ya nafasi na moja la adabu, maana umeniita "mzee" na mimi bado sijafika huko. Nimeirudisha humu ndani ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Mahali pamoja nimelikata neno lisilo na hatia, nikagundua baadaye. Hapo nimeweka nukta chini yake na kuandika "iachwe" kwenye pambizo, kama tunavyofanya kazini. Maana yake neno libaki lilivyo, mkono wangu ndio ulioharakisha.

Unauliza kwa nini nang'ang'ania barua wakati kila mtu ana simu. Simu inakufanya useme "sijambo" kabla hujajiangalia. Isitoshe, dereva wa gari la vitabu anapita mtaani kwenu kila Jumanne, na hanidai kitu ila nimsikilize akimsema mama mkwe wake.

Chumba cha prufu, tunamosomea kurasa kabla hazijachapwa, ni kilekile: meza mbili, taa mbili, dirisha linalotazama ua wa karatasi. Tangu msomaji mwenzangu Mama Nukta astaafu, juu ya meza yake wamepanga maboksi. Utaratibu haujabadilika. Ukurasa haupandi mashine mpaka uwe na sahihi mbili chini, na zinapatikana.

Kifutio anakusalimu. Amenipita kimo na sasa anaanza kunipita kwa maneno. Anasema baba yake ameota pambizo, kwa sababu wino umeniingia chini ya ukucha wa kidole gumba na kuchora mstari mweusi, umenyooka kama wa rula. Ndiyo kazi. Seremala ana vumbi la mbao kichwani, mimi nina mstari.

Kaka yako,
Koma

Jumatatu, 10 Februari

Kaka Koma,

Shikamoo. Makosa yangu nimeyaona na la adabu sitalirudia mpaka utimize sitini.

Nina swali na naomba lijibiwe kwa namba, si kwa hadithi. Mstari huo una muda gani? Una upana gani? Ni mkono upi?

Nakuuliza kwa sababu wino hausubiri. Ukucha wa mkono hujisukuma mbele, na kwa miezi sita hivi wote unakuwa umekatwa na kuota upya. Doa la wino husafiri nao mpaka linaishia kwenye mkasi. Mstari usiosafiri unatoka kwenye mzizi wa ukucha, na huko hakuna wino.

Usiseme nakutisha. Mimi kazi yangu ni kukata vipande vya nyama vyembamba kuliko karatasi zako, kuvipaka rangi na kuvilaza juu ya vioo ili daktari avisome. Nimevilaza vya kila aina ya mtu. Nijibu kwa gari la Jumanne.

Mdogo wako,
Bi Vioo

Jumatatu, 17 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Wiki hii tumepata kitabu cha jiografia ambacho mwandishi wake anaogopa mikato kama paka aogopavyo maji. Nimeweka mia mbili na kumi na moja. Mkuu wa kiwanda amepita, akatikisa kichwa na kusema jina langu la utani lilinifaa tangu zamani.

Paa la jikoni halivuji tena. Mama amepata miwani mpya na sasa anaona vumbi ambalo kwa mwaka mzima alikuwa hatubughudhi nalo.

Kuhusu ukucha, nimesoma ulichoandika.

Barua yako ilikuwa na makosa mawili tu. Unaendelea vizuri.

Koma

Jumapili, 23 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni Kifutio. Baba hajui kama nakuandikia, dereva nitampa barua hii mwenyewe kesho nikitoka shuleni, na ameahidi hatasema. Tafadhali usisahihishe chochote, nina haraka.

Baba hakukujibu kwa sababu hataki kujibu. Nimesoma barua yako alipoiacha juu ya friji. Najua si vizuri. Ni mkono wa kulia, kidole anachoshikia kalamu. Mstari ulianza nikiwa darasa la sita na sasa niko kidato cha pili. Zamani ulikuwa mwembamba, siku hizi umefika nusu ya ukucha. Anausugua kwa spiriti kila jioni na brashi ya nguo, halafu anatazama, halafu anaweka plasta. Akija mgeni anaficha kidole ndani ya ngumi.

Amelala mchana wa leo nikachora. Karatasi iko hapa. Pale nilipoweka vidoti si kosa la penseli. Weusi umetoka kwenye ukucha ukaingia kwenye ngozi, hapa chini na huku pembeni. Umevuka mstari.

Shangazi, babu alikufa na nini? Nikiuliza naambiwa alikanyaga msumari.

Kifutio

Jumanne, 25 Februari

Kaka,

Leo sikuamkii, utanisamehe.

Nimejua kila kitu na usimgombeze aliyeniambia, kwa sababu kati yenu wawili yeye ndiye mtu mzima. Miaka miwili na nusu. Wewe ambaye unaona nafasi iliyozidi kati ya maneno mawili ukiwa umesimama mlangoni, ulitazama mstari ukinenepa kwa miaka miwili na nusu ukasema ni wino. Hukusema ni wino kwa sababu huoni. Uliona, ukaweka nukta chini yake na kuandika "iachwe".

Mdharau mwiba mguu huota tende, ulinifundisha hiyo nikiwa sijui hata kufunga kamba za viatu.

Weusi uliotoka kwenye ukucha na kuingia kwenye ngozi ni alama ambayo madaktari hawaipuuzi. Inaweza isiwe kitu. Mara nyingi huwa kitu. Jumatano ya wiki ijayo kuna kliniki ya ngozi hapa hospitali. Nimekuandikisha. Uje na gari la vitabu, ukae mbele na dereva, umsikilize habari za mama mkwe wake njia nzima. Ukikosa, nitakuja mwenyewe na nitakwambia mbele ya mama.

Bi Vioo

Jumatatu, 24 Machi

Kaka Koma,

Shikamoo. Ulipokuja tulizungumza habari za paa na miwani ya mama, na ulipotoa ile plasta nikakwambia "tutaona". Nilikuwa nimeshaona. Sikuwa na ujasiri wa kusema kwenye korido yenye watu.

Kipande walichokukata kwenye ukucha kilikuja maabara kwetu kama vyote vinavyokuja, kina namba badala ya jina. Namba nilikuwa naijua. Sheria yetu ni kwamba cha ndugu hukigusi, basi nikampa mwenzangu akikate yeye, nikakaa nje ya mlango wangu mwenyewe kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Na kwetu pia jibu halitoki bila sahihi mbili. Daktari wa kwanza alisoma akasaini. Wa pili alisoma bila kuambiwa mwenzake kaona nini, naye akasaini palepale.

Ni saratani ya ngozi, ile ya seli za rangi, inayoitwa melanoma. Unene wake ni zaidi kidogo ya milimita moja. Wino hauna kosa, na jua halina kosa, maana jua halifiki chini ya ukucha. Wanashauri kidole kiondolewe mpaka kwenye kiungo, na tezi za kwapani zipimwe siku hiyohiyo.

Uliniuliza nilipokusindikiza kwenye gari inakuwaje doa linageuka kuwa ugonjwa. Nitakueleza kwa lugha yako. Ndani ya kila seli kuna kitabu kizima cha maelekezo, na kila elekezo, yaani kila jeni, liko katika nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kuna jeni za kuamuru, "gawanyika", "ota", na kuna jeni za kukataza. Hizi za kukataza ndizo zinazozuia uvimbe. Moja kazi yake ni kuiambia seli "koma". Ndiyo, jina lako, na nilicheka peke yangu maabara nilipoliona. Nyingine hukagua seli kabla haijajinakili, na ikikuta imeharibika mno huiamuru ife.

Nakala moja ya katazo ikipotea hakuna anayejua, kwa sababu ya pili inafanya kazi ya wawili. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka. Siku nakala ya pili nayo ikipotea, seli haina wa kuikataza. Kwenye kipande chako nakala zote mbili za ile ya "koma" hazipo. Ile inayokagua bado ipo na inafanya kazi, ila imebaki peke yake. Nayo ikiharibika, kinachofuata ni tezi, halafu mapafu. Ndiyo maana hawataki usubiri.

Upasuaji ni tarehe kumi na nne Aprili. Nijibu.

Mdogo wako

Jumatatu, 31 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma mara mbili, mara ya pili bila kalamu.

Nashukuru kwa maelezo. Nakuomba lakini uwaambie hapana. Hicho unachokiita kidole ndicho kinachoshika kalamu, na kalamu ndiyo iliyosomesha watu wawili, mmoja wao ni wewe. Msoma prufu asiye na kidole gumba cha kulia ni nani? Nitakuwa mzee wa kukaa uani na kuwaonyesha watu makosa kwenye maandishi ya magari yanayopita.

Wakate doa peke yake. Kama haiwezekani, iachwe.

Na hilo neno "jeni" usilitaje ukija nyumbani. Mama atasikia "jini", na hapo tutamtafuta mtaalamu mwingine kabisa.

Koma

Jumatatu, 7 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Doa peke yake halikatiki, limeshaingia kwenye ngozi chini ya ukucha, karibu na mfupa. Nimewauliza mara tatu, mpaka daktari akaniuliza kama mimi ni fundi wa maabara au ni wakili.

Siamini kwamba ni kalamu. Ulivunjika mkono ule nikiwa darasa la nne na ukaandika kwa kushoto muhula mzima, herufi zikilala kama majani yaliyokanyagwa, na hukulia. Kuna jambo jingine na hulisemi.

Nitakuuliza la kazini, ujibu kama mtu wa kazini. Ukiona kosa kwenye ukurasa ambao tayari uko juu ya mashine, na mashine inazunguka, na kuisimamisha kunaharibu karatasi nyingi, unafanya nini?

Bi Vioo

Alhamisi, 10 Aprili

Mdogo wangu,

Sikungoja gari la Jumanne. Barua hii inaletwa na mpanga herufi wetu, ambaye ana shughuli huko kwenu, na nimeona ndiye anayestahili kuibeba ingawa hajui kilichomo.

Naisimamisha. Hilo ndilo jibu. Lakini mwaka jana niliiacha izunguke bila msomaji wa pili, na sijamwambia mtu.

Mama Nukta alipostaafu, mkuu alisema atatafuta msomaji wa pili. Hakutafuta. Kazi zikarundikana, na siku moja nikasaini kisanduku changu kwa kalamu ya bluu na kisanduku cha Mama Nukta kwa kalamu nyeusi. Hakuna kilichoharibika. Nikasaini tena kesho yake. Mwaka mzima nilikuwa watu wawili na kila mtu aliamini tuko wawili, na vitabu vilitoka safi.

Halafu nikapata homa, nikaja kazini nayo. Kilikuwa kitabu cha afya cha darasa la tatu. Ukurasa wa arobaini na moja ulitakiwa kusema "Usinywe maji yasiyochemshwa". Ukatoka ukisema "Unywe maji yasiyochemshwa". Silabi moja ilidondoka, "si", herufi mbili. Neno lililobaki lilikuwa zuri, limeandikwa sawasawa, halina kosa la tahajia hata moja, ndiyo maana jicho langu lilipita juu yake. Mwalimu mmoja ndiye aliyegundua, vitabu mia nne vikiwa tayari madarasani. Tulivirudisha na kubandika karatasi kwa mkono. Mkuu alimlaumu mpanga herufi, akamwandikia onyo. Nilikuwa nimekaa pale. Kama kuna mtoto aliyeyanywa hayo maji, sijui, na sitakaa nijue.

Kwa hiyo uliponiandikia habari za nakala mbili, moja ikipotea kimya na ya pili ikafanya kazi ya wawili, sikuhitaji kusoma mara mbili ili nielewe. Nilisoma mara ya pili kwa sababu niliona aibu. Hiyo seli yangu imekosa "si". Ilitakiwa kusoma "usigawanyike", inasoma "ugawanyike", na inatii, maana kwake ndivyo ilivyoandikwa.

Sasa hilo ambalo silisemi. Kisigino cha baba hakikuwa na msumari. Nilikuwa nakiosha mimi, wewe ulikuwa mdogo. Kilikuwa na doa jeusi lililotanuka, likawa donda, na donda halikupona. Msumari aliutunga mama ili watu wasiulize. Nilipoona weusi umevuka ukucha wangu nilikijua nilichokuwa nakitazama. Nilichoogopa ni hiki: wakinikata, watapima, na wakipima wataniambia kosa liko kwenye muswada wenyewe, limetoka kwa baba likaja kwangu, na mimi nimemwandikia Kifutio. Na labda baba alikuandikia wewe pia. Niliona afadhali nife na wino.

Nitakuja Jumatatu. Lakini nataka hilo lipimwe pia. Nataka kujua kama kosa liko kwenye muswada au kwenye nakala hii moja. Naogopa sana, mdogo wangu.

Kaka yako

Ijumaa, 11 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Narudisha jibu kwa mkono uleule ulioleta yako.

Kisigino sikukijua. Nimekaa na barua yako bafuni nusu saa.

Watachukua damu siku hiyohiyo. Ni rahisi: kosa la muswada huonekana kwenye damu, kwa sababu liko katika kila seli ya mwili. Kosa la nakala moja liko kwenye uvimbe tu. Majibu ya damu yanapelekwa mbali na yatachukua wiki saba au nane. Kama yatakuwa mabaya, mimi na Kifutio tutapimwa, tutakaguliwa ngozi kila mwaka, na doa letu litakatwa likiwa dogo. Kujua hakumuui mtu, Kaka. Msumari wa mama ndio uliokuchelewesha.

Uje hujala. Umlete Kifutio, amekwishafanya kazi ya daktari, acha aone wengine wakiifanya.

Bi Vioo

Jumatatu, 9 Juni

Kaka Koma,

Shikamoo. Jibu la damu limefika leo asubuhi. Nimelisoma nikiwa nimesimama, kisha nikampelekea daktari alisome bila kumwambia nimeona nini, kwa ajili ya sahihi ya pili.

Jeni zile kwenye damu yako ni nzima, nakala zote mbili. Katika zote walizozipima hawakukuta kosa la kurithi. Silabi ilidondokea hapohapo kwenye kidole, ukubwani, kwa bahati mbaya ambayo hakuna aliyeisababisha. Muswada ni safi. Hukumwandikia Kifutio kosa lolote.

Daktari ameniambia nikukumbushe kwamba kipimo hakijui kila kitu, na kwamba sote watatu tuwe tunatazama nyayo na kucha zetu. Ya baba hatutayajua, hakuna kipande chake kilichotunzwa mahali popote.

Tezi za kwapani unajua tayari kuwa hazikukutwa na kitu. Utakuja kila miezi mitatu kwa miaka miwili, halafu tutaona. Safari hii nikisema "tutaona" namaanisha hivyo tu.

Mdogo wako,
Bi Vioo

Jumatatu, 16 Juni

Mdogo wangu,

Naandika kwa kushoto. Herufi zimelala, utazivumilia. Mstari mmoja unanichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Nimemsomea Kifutio barua yako mezani. Alisema "sawa", akaenda kuosha vyombo, na aliviosha muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

Nimemwambia mkuu kuhusu kalamu mbili. Mpanga herufi nimemwomba radhi mbele yake, na onyo lake limechanwa. Langu limeandikwa na nimelisahihisha mikato mitatu kabla ya kusaini. Mama Nukta amerudi, siku tatu kwa wiki. Ameondoa maboksi mezani kwake na kusema chumba kinanuka uzembe. Mimi nasoma, nikiona kosa nagonga meza, yeye anatia alama.

Kifutio ameniambia kwamba siku ya upasuaji ulisimama nje saa tatu nzima, ulikataa kiti, na hukutoa chozi mpaka nilipotolewa, na hata hapo hukulitoa, ukaenda kazini. Sasa yamekwisha, kwa sehemu kubwa. Ulie tena, mdogo wangu.

Koma

Jumatatu, 23 Juni

Kaka Koma,

Shikamoo. Barua yako nimeirudisha humu ndani ikiwa imesomwa na msomaji wa pili.

Ina kosa moja. Najua ulitaka kuandika "usilie". Umeandika "ulie", mstari wa mwisho, silabi ileile. Mkono wa kushoto umechoka, au Mama Nukta hakuwa zamu.

Nilishika kalamu nyekundu niirudishe hiyo "si" mahali pake. Hiyo "si" nimekuwa nikiishikilia tangu Februari, kazini, kwenye korido, nje ya ule mlango. Halafu nikakaa kwenye kiti changu, kati ya vioo vyangu, nikafanya kama ulivyoandika, mpaka mwenzangu akaja kuuliza kama kuna aliyefariki, nikamwambia hapana, amepona.

Nimeweka nukta chini ya neno hilo. Pambizoni nimeandika: iachwe.

Sahihi ya pili,
Mdogo wako